Kisu Kilichojifunza Kusubiri

Kongosho limejificha. Liko nyuma ya tumbo la chakula, limelala juu ya uti wa mgongo, kichwa chake kimezungukwa na mkunjo wa kwanza wa utumbo mdogo, na mkia wake unafika kwenye wengu. Daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa haligusi. Lina kazi mbili: kutoa insulini inayoingia kwenye damu, na kutoa vimeng'enya vya kusagia nyama, mafuta na wanga vinavyoingia utumboni. Vile vya kusagia nyama hutoka vikiwa vimelala, huamka vikishafika utumboni. Vikiamka mapema, ndani ya kongosho lenyewe, kongosho huanza kujisaga. Hapo mtu hushikwa na maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, hutapika bila kupata nafuu, hawezi kulala chali. Wagonjwa wengi, kama wanne katika kila watano, hupona kwa siku chache. Kwa waliobaki, sehemu ya kongosho hufa, na nyama iliyokufa ikiingiwa na vijidudu hugeuka usaha. Historia hii ni ya hao waliobaki, na ya wapasuaji waliotumia zaidi ya miaka mia moja kujifunza namna ya kuwagusa.

Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo, ina milango yote ya ugonjwa huu. Kuna mawe ya nyongo, yanayoshuka na kukwama pale mrija wa nyongo unapokutana na mrija wa kongosho. Kuna pombe kali, lutuku inayochemshwa vijijini. Kuna askarisi, minyoo mikubwa ya tumbo, inayoweza kupanda kutoka utumboni na kujipenyeza kwenye mrija wa nyongo. Kuna mtoto aliyeanguka na baiskeli, ncha ya usukani ikamgonga kwenye chembe cha moyo na kulibana kongosho dhidi ya mfupa wa mgongo. Katika mji kama Kindu, ambako baiskeli hubeba watu, mawese na mchele, ajali ya namna hiyo haiko mbali na mtu yeyote.

Kindu uko kwenye ukingo wa magharibi wa Lualaba. Mji ulikua kwa sababu mto na reli vilikutana hapo: kutoka kaskazini boti zilipanda kutoka Ubundu, na kusini reli ya kwenda Kongolo, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1910, iliruka sehemu za mto zisizopitika. Lakini tiba ya Ulaya ilikuwa imefika Maniema kabla ya reli. David Livingstone alikuwa daktari, naye alikwama Bambarre, yaani Kabambare ya leo, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kusonga mbele. Kisha akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akashuhudia watu wakipigwa risasi sokoni. Daktari mwingine wa kutajwa, Mwingereza Sidney Langford Hinde, alikuja na jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Dhanis, likaiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Kazi yake ilikuwa kutibu askari. Mpangilio huo, daktari kuja nyuma ya bunduki au nyuma ya kampuni, ulidumu muda mrefu katika nchi hii, na ninaamini ndiyo sababu mojawapo watu wa vijijini walichukua miaka mingi kuiona hospitali kuwa mahali pao.

Miaka minne kabla ya Kasongo kutekwa, wakati Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, bado ana nyumba yake huko, mwanapatholojia wa Boston aitwaye Reginald Fitz alitoa mhadhara uliofungua ukurasa wa kongosho. Ilikuwa 1889. Fitz alikusanya habari za wagonjwa, wengi wao waliojulikana baada ya kufa tu, akaeleza kwa mara ya kwanza kwa utaratibu dalili ambazo daktari angeweza kuzitambua mgonjwa akiwa bado hai. Mtu huyu ndiye aliyeonyesha mwaka 1886 kwamba kidole tumbo kilichovimba huua, na kwamba kinapaswa kutolewa mapema. Kwa hiyo hakuwa mwoga wa kisu. Lakini kuhusu kongosho alionya: kufungua tumbo mwanzoni mwa ugonjwa hakusaidii na ni hatari. Nicholas Senn, mpasuaji wa Marekani aliyezaliwa Uswisi, alikuwa amekwisha kutetea upasuaji mwaka huo huo wa 1886, baada ya majaribio kwa wanyama. Mabishano ya watu hao wawili yaliendelea baada yao, kizazi hadi kizazi.

Mwaka 1901 Eugene Opie wa Baltimore alichunguza maiti ya mgonjwa aliyekufa kwa kongosho na kukuta jiwe dogo la nyongo limekwama mwishoni kabisa mwa mrija. Jiwe dogo kiasi hicho liliua mtu mzima. Tangu hapo ilijulikana kwamba nyongo na kongosho ni majirani ambao ugomvi wa mmoja humfikia mwingine. Miongo mitatu baadaye, 1929, Robert Elman na wenzake wa St. Louis walionyesha kwamba amilasi, kimeng'enya cha kongosho, hupanda kwenye damu na inaweza kupimwa. Kipimo hicho kilibadili mambo kuliko kisu chochote. Kabla yake, madaktari walikuwa wanauona ugonjwa huu kwa waliokufa au waliokaribia kufa. Sasa waliweza kuutambua kwa mtu mwenye maumivu ya kawaida, wakagundua kwamba wengi wanapona bila kupasuliwa. Kwa muda, wapasuaji wakarudi nyuma.

Kampala nayo ina sehemu yake katika historia hii, ingawa vitabu vya Ulaya huipita haraka. J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Mulago, aliandika mwaka 1948 kuhusu watoto waliokufa kwa kwashiakoo: kongosho zao zilikuwa zimesinyaa, chembe za kutoa vimeng'enya zimepungua. Mwaka 1960 A. G. Shaper, pia wa Kampala, alieleza ugonjwa sugu wa kongosho kwa watu wazima na kuuhusisha na upungufu wa protini. Baadaye watafiti wengine wakaushuku muhogo na sumu yake ya sianidi, dhana ambayo ushahidi uliofuata haukuithibitisha. Huo ni ugonjwa sugu, si ule wa ghafla, lakini umuhimu wake ni huu: madaktari wa Afrika Mashariki walijua mapema kwamba kongosho la mtu mwenye njaa haliko sawa na la mtu aliyeshiba. Mgonjwa anayefika hospitali ya Maniema na nyama ya mwili imepungua anaanza vita akiwa na akiba ndogo, na kumnyima chakula kwa wiki kadhaa ni kumwongezea adui.

Kongo ilipata uhuru 1960 bila daktari Mkongomani hata mmoja mwenye shahada kamili. Kulikuwa na wasaidizi wa tiba, ambao wengi wao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo. Madaktari wa Kibelgiji waliondoka kwa wingi. Tarehe 11 Novemba 1961 huko Kindu askari waliwaua wanajeshi 13 wa Italia wa jeshi la anga waliokuwa wakihudumia Umoja wa Mataifa, mmoja wao daktari. Mwaka 1964 mji ukashikwa na waasi wa Simba. Katika miaka hiyo hiyo, Ulaya ilikuwa imekirudia kisu kwa nguvu mpya: mwaka 1963 G. T. Watts wa Birmingham alitoa kongosho zima la mgonjwa mahututi, naye akapona. Habari hiyo iliwatia moyo wengi. Kwa miaka ishirini iliyofuata wapasuaji walikata, wakasafisha, wakaacha tumbo wazi na kulijaza mashashi, wakarudi kulisafisha tena na tena. Wagonjwa wengi walikufa kwa kutoka damu, kwa utumbo kutoboka, kwa figo na mapafu kushindwa. Siwalaumu waliofanya hivyo. Walikuwa wakitazama watu wanaokufa kwa usaha, na usaha unajulikana tangu zamani kwamba sharti utolewe.

Swali lilikuwa utolewe lini, na kwa njia gani.

Wakati huo, kule Maniema, swali jingine lilikuwa likijibiwa ambalo kwa macho ya kwanza halihusiani na kongosho. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kasongo, mji ule ule wa Tippu Tip, ukawa mahali pa mradi ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp. Wim Van Lerberghe na Pangu Kasa Asila ni kati ya walioandika kuuhusu. Waliuliza: hospitali ya wilaya inamfikiaje mtu anayeishi kilomita nyingi msituni? Jibu lao lilikuwa vituo vya afya vyenye wauguzi wenye maelekezo yaliyoandikwa wazi, vikiizunguka hospitali moja ya rufaa. Muuguzi anamaliza yanayomalizika kituoni, na anajua ni nani wa kupelekwa leo hii bila kungoja kesho. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipojigawa katika zoni za afya 306 katikati ya miaka ya 1980, mawazo yaliyojaribiwa Kasongo yalikuwa mle ndani. Ugonjwa wa kongosho unaonyesha thamani ya mpango huo. Siku mbili za kwanza, kazi inayomwokoa mgonjwa ni ya muuguzi: kumtundikia maji, kumtuliza maumivu, kuhesabu mkojo na pumzi, kuona nani anazidiwa.

Mabadiliko ya upasuaji wenyewe yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuona bila kufungua. Ekografi na skana zilimwezesha daktari, tangu miaka ya 1970, kuona usaha umekaa wapi na kupenyeza sindano hadi hapo. Ya pili ni upasuaji wa matundu madogo. Kurt Semm wa Kiel alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo 1980. Tarehe 12 Septemba 1985, mjini Böblingen, Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo kupitia tundu, na wakubwa wa upasuaji wa Ujerumani wakamkataa. Miaka michache baadaye dunia nzima ilikuwa ikifanya hivyo.

Ushahidi dhidi ya haraka ulitoka Mexico. Mwaka 1997 Mier na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha wagonjwa waliopasuliwa ndani ya siku tatu za kwanza na waliongojewa angalau siku 12. Zaidi ya nusu ya kundi la kwanza walikufa. Katika la pili, kama robo. Jaribio likasimamishwa. Sababu inaeleweka. Wiki ya kwanza nyama hai na nyama mfu zimechanganyika, na kila inapoguswa damu hutoka. Baada ya wiki nne hivi mwili umekwisha kujenga ukuta, nyama mfu imeachana na iliyo hai, na yote yamo ndani ya mfuko mmoja unaoweza kutobolewa.

Mwaka uliofuata, 1998, Freeny na wenzake wa Seattle walieleza wagonjwa 34 waliotolewa usaha kwa mirija iliyopitishwa kwenye ngozi. Karibu nusu hawakuhitaji upasuaji kabisa. Mwaka 2000 Ross Carter na wenzake wa Glasgow walichukua kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mawe ya figo, wakakipitisha pale mrija ulipopita, wakaondoa nyama mfu kidogo kidogo wakiwa wanaiona. Njia hupita ubavuni kushoto, nyuma ya utumbo, mbele ya figo. Haivuki ndani ya tumbo lenyewe, kwa hiyo usaha haumwagikii matumbo. Napenda jambo hili katika historia ya tiba: hatua kubwa ilitoka kwa watu waliotazama kabati la chumba cha jirani wakaona kifaa kinachofaa.

Mkusanyo wa yote hayo ulifanywa na Waholanzi. Kati ya 2005 na 2008, hospitali 19 za Uholanzi ziliwagawa wagonjwa 88 kwa kura. Kundi moja lilifunguliwa tumbo kwa namna ya zamani. La pili lilitibiwa hatua kwa hatua: kwanza mrija, usipotosha, mrija mwingine, usipotosha, ndipo mpasuaji anaufuata mrija kwa mkato mdogo wa ubavuni akiwa na kamera. Matokeo yaliyochapishwa 2010 na Hjalmar van Santvoort na wenzake yalikuwa wazi. Waliofunguliwa tumbo, asilimia 69 walipata madhara makubwa au walikufa. Waliotibiwa hatua kwa hatua, asilimia 40. Kisukari kipya kiliwapata asilimia 38 dhidi ya 16, na ngiri ya kovu 24 dhidi ya 7. Vifo havikutofautiana sana, 16 dhidi ya 19, na ni haki kulisema hilo. Lakini namba ninayoirudia kila ninapofikiria Kindu ni 35: zaidi ya theluthi moja ya kundi la pili hawakuhitaji kitu kingine zaidi ya mrija.

Mwaka 2018 kikundi hicho hicho cha Waholanzi kilionyesha kwamba njia ya endoskopi, inayoshuka kinywani na kutoboa ukuta wa tumbo la chakula hadi kwenye mfuko wa usaha, haipunguzi vifo ikilinganishwa na njia ya ubavuni, ila inapunguza sana majimaji ya kongosho kuvuja nje, asilimia 5 dhidi ya 32. Mwaka 2021 wakaenda mbali zaidi. Waliuliza kama mrija wenyewe unaweza kungoja. Kati ya wagonjwa ambao mrija wao ulicheleweshwa hadi ukuta ukamilike, asilimia 39 walipona kwa dawa za vijidudu bila kutobolewa popote. Fitz, miaka 132 nyuma yao, alikuwa na maiti mezani na hakuwa na antibiotiki wala ekografi, lakini mwelekeo aliuona.

Mambo mawili mengine ya karne hii yanahusu hospitali za aina ya Kindu moja kwa moja. La kwanza ni chakula. Jaribio la Uholanzi la 2014 lilionyesha kwamba mgonjwa aliyeachwa ale kwa kinywa baada ya siku tatu, akipewa sonda ya puani pale tu aliposhindwa, hakuwa na hali mbaya kuliko aliyelishwa kwa sonda tangu mwanzo. Uji unatosha kuanzia. La pili ni maji. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mgonjwa wa kongosho amwagiwe maji mengi. Mwaka 2022 Enrique de-Madaria wa Alicante na wenzake walisimamisha jaribio lao mapema kwa sababu waliopewa maji ya mshipani ya Ringer kwa kasi walijaa maji, asilimia 20.5, na waliopewa kwa kiasi, asilimia 6.3 tu. Chupa za Ringer ni kitu ambacho wauguzi wa Maniema wanakijua vizuri. Kinachotakiwa ni saa ukutani na mtu wa kuandika.

Kuhusu matundu madogo, mashariki mwa Kongo hayakubaki hadithi ya mbali. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianzishwa 1999 na Denis Mukwege baada ya hospitali aliyofanyia kazi, Lemera, kushambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa kuuawa vitandani. Guy-Bernard Cadière wa Hospitali ya Saint-Pierre, Brussels, mtu aliyekuwa kati ya wa kwanza duniani kupasua kwa msaada wa roboti mwaka 1997, alianza kwenda Panzi na timu yake mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wawili hao waliunganisha upasuaji wa chini na ule wa kamera tumboni kwa wanawake ambao fistula zao zilikuwa juu mno kufikiwa kwa njia moja. Hawakuwa wakitibu kongosho. Lakini kamera, gesi ya kuinua ukuta wa tumbo, daktari wa nusukaputi anayejua gesi hiyo inafanya nini kwa moyo na mapafu, fundi wa kusafisha vifaa bila kuviharibu, vyote hivyo vikishakuwepo kwa ajili ya fistula vinafaa pia kwa mfuko wa nyongo. Na kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe, kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, ndiko kumzuia asirudi na kongosho mara ya pili.

Bukavu na Kindu zilikuwa jimbo moja, Kivu, hadi 1988. Barabara kati yao imekuwa mbovu kwa miaka mingi, na vita vilivyoanza 1998 viliikata kabisa kwa muda. Njia ya mgonjwa wa rufaa ikawa ndege. Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa. Februari Bukavu nayo ikatekwa. Kwa mgonjwa wa Kindu, mashariki kulikokuwa na wapasuaji wengi wa karibu kukafungwa, zikabaki Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa, zote mbali.

Ndiyo maana naona ngazi ya Waholanzi inapaswa kusomwa Kindu kuanzia chini. Kidato cha juu, cha endoskopi yenye ekografi, na cha kuzuia damu ya mshipa wa wengu kwa kupenyeza waya, ni cha miji mikubwa kwa sasa. Kidato cha chini kinahitaji mashine ya ekografi, mtu aliyefundishwa kuitumia, mrija mpana wa kutosha, maji ya chumvi ya kuusukuma kila siku usizibe, na wodi inayokubali kumweka mgonjwa wiki sita. Kina hatari zake: mrija uliopenya vibaya hutoboa utumbo mpana, na mtu anayetokwa damu kwenye mrija anahitaji kupelekwa upesi. Kwa hiyo uamuzi wa nani atobolewe, lini, na nani arushwe Kinshasa kabla hajazidiwa, ufanywe na daktari wa Kindu akiwa anazungumza kwa simu na mpasuaji aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Kindu kinafundisha madaktari. Baadhi yao watabaki katika zoni za afya za Maniema, Kasongo ikiwemo, na wao ndio watakaokuwa zamu usiku mgonjwa wa namna hii anapoletwa na pikipiki, ameinama mbele, ameshika tumbo.